Kumrejesha Uwanjani Mwanafunzi Aliyeteguka Kifundo cha Mguu

Utangulizi

Mwalimu aliyepata kusafiri kwa reli ya kati kutoka Kilosa kuelekea Dodoma anaifahamu Munisagara. Reli huko huandama bonde la mto Mkondoa, na vilima vimelizunguka bonde hilo. Watoto huja shule kwa miguu, wakipita vijia vya mawe na tope la kingo za mto, na uwanja wanaochezea ni ule ambao masika huuchimba mifereji na kiangazi huupasua nyufa. Mtoto alelewaye katika ardhi ya namna hii hupata miguu yenye nguvu. Lakini pia ni rahisi kwake kukanyaga vibaya, na jeraha litokealo mara nyingi kuliko mengine ni kuteguka kifundo cha mguu.

Makala hii yahusu kazi ambayo mwalimu wa michezo hakwepi kuifanya, ijapokuwa haimo katika azimio lake la kazi: kumtunza mwanafunzi aliyeteguka tangu saa ya kwanza hadi siku atakayocheza tena. Katika shule nyingi za vijijini hapana mtaalamu wa tiba ya viungo. Wataalamu hao hufunzwa hapa nchini, kwa mfano katika KCMC, Moshi, lakini wengi wao hufanya kazi katika hospitali kubwa. Kwa hiyo, baada ya mganga wa zahanati kumpima mtoto na kumruhusu arudi nyumbani, wiki zote zinazofuata humwangukia mwalimu na mzazi.

Twaandika pia kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ambayo hatutaitaja. Msichana wa darasa la sita, mchezaji wa kati wa mpira wa pete, aliteguka siku tisa kabla ya mashindano ya kata. Alikandwa kwa maji ya moto, akachuliwa kwa nguvu, akafungwa kitambaa, na siku ya mashindano akaingizwa uwanjani. Alicheza nusu ya kwanza akichechemea. Sisi, wakufunzi, tulikuwapo, na tulimpigia makofi kwa ushupavu wake. Katika nusu ya pili aliruka kudaka mpira, akatua, akaanguka, na hakunyanyuka. Tuliporudi mwaka uliofuata alikuwa akikaa chini ya mwembe wakati wenzake wakicheza. Alituambia kwamba mguu wake “haumwamini” tena. Neno hilo limetusumbua, na utaona baadaye kwamba lilikuwa sahihi kuliko maelezo yetu yote ya siku ile.

Kifundo kilivyojengwa

Mwalimu hawezi kulitunza jambo asilolielewa. Mfupa mkubwa wa muundi na mfupa mwembamba ulio upande wa nje hushuka pamoja na kufanya kitu kama koleo la mhunzi. Ndani ya koleo hilo hukaa mfupa wa talasi, ambao ni kichwa cha wayo. Mifupa hii haishikamani yenyewe. Hushikwa na kano, yaani nyuzi ngumu ziungazo mfupa na mfupa. Upande wa ndani kano ni pana na imara, imetandazwa kama upepeo. Upande wa nje kuna kano tatu nyembamba zaidi, na ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote.

Jambo la pili ni umbo la talasi. Mfupa huu ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Mguu ukiwa umekanyaga sawasawa, sehemu pana hujaa ndani ya koleo na kifundo hutulia. Vidole vikielekea chini, kama anavyokuwa mtu aliyeruka, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki ndani ya koleo, na kifundo hulegea. Mtu akitua katika hali hiyo juu ya kokoto, ufa, au mguu wa mwenzake, wayo hupinduka kwa ndani na kano ya mbele ya nje hunyooka kupita kiasi au hukatika.

Sasa twaweza kueleza kwa nini mpira wa pete una majeruhi wengi wa kifundo. Kanuni za mchezo huo hazimruhusu mchezaji kukimbia na mpira. Adakapo hewani, hana budi kutua na kusimama papo hapo, na uzito wote huangukia mguu mmoja. Katika kandanda mtoto huweza kukimbia hatua mbili tatu akapunguza kishindo. Katika mpira wa pete hana nafasi hiyo.

Zana ya kufundishia haina gharama. Mwanafunzi mmoja afanye koleo kwa kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono mmoja, aingize ngumi ya mkono wa pili. Kipande cha utepe wa mpira wa baiskeli kifungwe kutoka kwenye kidole hadi kwenye ngumi. Ngumi ikipinduliwa, darasa zima litaona utepe unavyovutika.

Saa za kwanza

Swali la kwanza la mwalimu lisiwe, “Je, unaweza kuendelea?” Liwe, “Je, mfupa umevunjika?” Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Kanada, walitangaza kanuni rahisi za kuamua ni nani anayehitaji kupigwa picha ya eksirei. Kanuni hizo zimejaribiwa katika nchi nyingi, kwa watoto wa umri wa shule pia, na mwalimu aweza kuzitumia bila chombo chochote:

(a) Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya nundu ya nje ya kifundo, ile ambayo wengine huiita jicho la mguu. Kisha fanya vivyo hivyo kwa nundu ya ndani.

(b) Bonyeza mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulio juu ya uvungu wa wayo upande wa ndani.

(c) Mwambie mtoto atembee hatua nne. Kuchechemea si kitu. Swali ni kama aweza kuuweka uzito juu ya mguu huo mara nne.

Akiumia mfupa wenyewe unapobonyezwa, au akishindwa hatua nne, apelekwe hospitali yenye eksirei bila kungoja kesho. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa watoto, kwa sababu karibu na ncha ya mfupa wao ipo sehemu laini ambayo mfupa hukulia. Sehemu hiyo ikiumia na isitunzwe, mfupa huweza kukua vibaya. Mguu uliopinda umbo, wenye ganzi, au wenye vidole vya baridi vilivyopauka ni jambo la haraka zaidi. Usiunyooshe, ufunge kwa mbao kama ulivyo, umpeleke mtoto.

Iwapo mfupa ni salama, msaada wa siku mbili tatu za kwanza ni huu. Mguu ukae juu ya kiti au mto, uwe juu kuliko moyo mtoto anapolala. Ufungwe bendeji ya mpira au kipande cha khanga kuanzia karibu na vidole kupanda juu, kwa mkazo usiozuia damu. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi chaweza kuwekwa kwa dakika kumi hadi kumi na tano ili kupunguza maumivu. Tusimwambie mtoto autumbukize mguu katika maji yaliyotuama au yaendayo polepole, kwa maana huko ndiko kichocho kilipo.

Hapa hatuna budi kusema wazi kuhusu kukanda na kuchua. Desturi hii ina heshima nyumbani kwetu, na bibi anayemkanda mjukuu wake anamtendea mapenzi. Lakini katika siku tatu za mwanzo, joto na kuchua kwa nguvu huongeza damu inayovilia na uvimbe ndani ya kifundo. Mwalimu asimkemee bibi. Amwombe angoje uvimbe upungue, na amweleze sababu. Tumeona kwamba wazazi husikiliza zaidi wakipewa kazi ya kufanya, kama vile kuinua mguu na kubadilisha kitambaa, kuliko wakipewa katazo tupu.

Tena, mapumziko yana kipimo. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin alieneza kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua. Kanuni hiyo ilifundishwa kote duniani, lakini baadaye mwenyewe aliirekebisha, akisema kwamba barafu nyingi na mapumziko ya muda mrefu huweza kuchelewesha kupona. Siku hizi wataalamu hukubaliana kwamba mguu uliokingwa kwa siku chache na kisha kuanza kutumiwa taratibu hupona vema kuliko mguu uliolazwa kwa majuma.

Hatua nne za kurejea

Mwaka 1965 daktari Mwingereza M. A. R. Freeman aliuliza swali lile ambalo msichana wetu alilijibu: kwa nini miguu mingine, baada ya kuteguka mara moja, huteguka tena na tena? Alieleza kwamba tatizo si ulegevu wa kano peke yake. Ndani ya kano na kiungo zimo neva zinazoupasha ubongo habari za mahali ulipo wayo. Zikiumia, habari hazifiki upesi, na misuli huchelewa kuuokoa mguu unapoanza kupinduka. Freeman alipendekeza mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba. Uchunguzi uliofuata umeyathibitisha manufaa ya mazoezi ya mizani katika kupunguza kuteguka kwa mara ya pili. Basi mguu ambao “haumwamini” mwenyewe waweza kufundishwa upya, na kufundisha ndiyo kazi yetu.

Hatua ya kwanza ni mwendo. Maumivu ya awali yakipungua, aghalabu siku ya tatu au ya nne, mtoto aketi, aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kutoka A hadi Z, mara tatu kwa siku. Aizungushe khanga kwenye nyayo na kuivuta kifuani huku goti limenyooka. Atembee polepole, kisigino kikitangulia. Kipimo chake ni ukuta: mtoto aweke wayo mbele ya ukuta, apinde goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kuinuka, kisha asogee nyuma kidogo kidogo. Pima kwa rula umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani, kila mguu. Tofauti ikibaki sentimita moja au isiwepo kabisa, mwendo umerudi.

Hatua ya pili ni nguvu. Kata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ufunge kwenye mguu wa dawati, mtoto auvute kwa wayo kwenda nje, ndani, juu na chini. Kuvuta kwenda nje ndiko muhimu kuliko kote, kwa kuwa misuli ya upande huo ndiyo inayozuia wayo usipinduke. Kisha anyanyue visigino, kwanza miguu yote miwili, halafu mmoja. Kipimo: mguu ulioumia unyanyuke angalau mara tisa kwa kila mara kumi za mguu mzima.

Hatua ya tatu ni mizani. Mtoto asimame kwa mguu mmoja pekupeku kwa nusu dakika, mwenzake akiwa karibu kumdaka. Akiweza, afumbe macho. Akiweza tena, asimame juu ya gunia lililokunjwa au mfuko wa pumba, kisha arushiane mpira na mwenzake. Tulipowafanyisha walimu-wanafunzi mazoezi haya Munisagara, baadhi ya wenye miguu mizima walishindwa kumaliza nusu dakika macho yakiwa yamefumbwa. Hapo walicheka, na hapo walielewa.

Hatua ya nne ni mbio na kuruka. Aanze kukimbia moja kwa moja polepole, kisha kwa kasi. Afuate kukimbia kwa umbo la nane, kisha zigizaga katikati ya vijiti. Mwisho ajifunze kutua: aruke, atue kwa miguu miwili, magoti yakipinda, bila kishindo, halafu kwa mguu mmoja. Mchezaji wa mpira wa pete adake na kutua mara nyingi katika mazoezi kabla hajatua katika mashindano.

Kanuni ya kupanda hatua ni moja: uvimbe au maumivu yakizidi kesho yake asubuhi, arudi hatua moja nyuma. Mteguko mdogo huchukua wiki moja hadi tatu. Wa wastani, wiki tatu hadi sita. Mkubwa, ambao kano imekatika, huweza kufika miezi mitatu. Lakini kalenda siyo hakimu. Mtoto arudi mchezoni akitimiza masharti manne: hana uvimbe; mwendo na nguvu za miguu yote miwili vinakaribiana; aruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo na kufika karibu umbali ule ule kwa kila mguu; na akimbia zigizaga bila hofu usoni. Hata baada ya kurudi, mazoezi ya mizani yaendelee kwa miezi miwili au zaidi, kwa maana kuteguka mara ya kwanza ndiko kunakotabiri zaidi kuteguka mara ya pili.

Andalio fupi la somo

Haya yaweza kufundishwa darasa zima, si kwa majeruhi peke yake. Twapendekeza kipindi cha dakika 40 kwa darasa la sita.

Shabaha: mwanafunzi aweze kupima mizani na mwendo wa vifundo vyake na kueleza kwa nini vifundo huteguka.

Zana: rula, chaki, mpira mmoja, magunia, utepe wa tyubu.

Dakika 5: wanafunzi wasimulie bila kutaja majina namna walivyoona mtu akiteguka.

Dakika 10: mwalimu aonyeshe koleo la vidole na ngumi.

Dakika 20: wawili wawili wapimane kwa ukuta na kwa kusimama mguu mmoja, waandike namba daftarini.

Dakika 5: kila jozi itaje tofauti ya mguu wa kulia na wa kushoto.

Namba hizo zihifadhiwe. Siku mwanafunzi akiteguka, mwalimu atakuwa na kipimo cha mguu wake ulipokuwa mzima, jambo ambalo hata hospitali kubwa aghalabu hazina. Zaidi ya hayo, mwalimu wa hisabati aweza kuzitumia kuchora grafu ya majuma sita ya kupona. Mtoto anayeona mstari wake ukipanda huvumilia kungoja.

Ushupavu na ukatili

Pingamizi tunalosikia mara nyingi ni hili: “Mbona Akhwari alimaliza?” Ni kweli. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti, na hata hivyo akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kila mtoto wa Tanzania anastahili kuisikia habari hiyo. Lakini tuisimulie yote. Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, aliyejiamulia mwenyewe, katika mbio ambazo hutokea mara moja kila baada ya miaka minne. Tena alitibiwa, akapona, na mwaka 1970 huko Edinburgh alimaliza wa tano katika marathoni ya michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliyeokoka na kurudi ndiye shujaa kamili.

Mtoto wa miaka kumi na miwili hana uwezo wa kumwambia mwalimu wake hapana. Akiulizwa mbele ya wenzake kama aweza kucheza, atasema ndiyo. Kwa hiyo uamuzi usiachwe kwake, wala usiachwe kwa mwalimu aliyeahidiwa kombe. Twashauri kila shule iweke utaratibu kwamba mwalimu mwingine, asiyekuwa kocha, ndiye atie sahihi kwenye daftari la masharti manne kabla majeruhi hajapangwa katika timu, iwe ni kwa mashindano ya kata au kwa UMITASHUMTA.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza kwa nini kifundo huwa dhaifu zaidi vidole vikielekea chini.

2. Mwanafunzi ameteguka, aweza kutembea hatua nne, lakini aumia unapobonyeza ncha ya nundu ya nje. Utafanya nini, na kwa nini?

3. Mzazi amekuja kumkanda mtoto siku ile ile aliyoumia. Andika maneno utakayomwambia.

4. Tengeneza vifaa vitatu vya mazoezi ya kifundo kutokana na vitu vipatikanavyo kijijini kwako.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa katika kifundo cha mtoto huzibwa kwa utepe wa tyubu, gunia la pumba, rula, na subira ya majuma machache. Yule msichana alikosa vitu hivyo, si kwa sababu havikuwapo shuleni, bali kwa sababu sisi tuliokuwapo hatukujua kuviomba. Tumeandika ili mwalimu atakayesimama kando ya uwanja msimu ujao ajue, na makofi yake yamfikie mtoto aliyepona.